Maradhi Mawili Katika Kisiwa Kimoja

Kisiwa cha Pemba kiko upande wa kaskazini wa Unguja, na baina ya visiwa hivi viwili pana mkono wa bahari upatao kilomita 50. Waarabu wa kale walikiita Al-Khadhra, yaani kisiwa cha kijani, na jina hilo halikuwa sifa ya bure, maana ardhi yake ni ya vilima na mabonde yenye rutuba, na tangu karne ya kumi na tisa imefunikwa kwa mikarafuu. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuta wakazi zaidi ya 540,000 katika wilaya zake nne za Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani. Watu hawa wana hospitali zao, na mtu avunjikaye mguu hutibiwa papo hapo kisiwani. Lakini hospitali iliyowekwa mahsusi kwa maradhi ya akili katika Zanzibar nzima ni moja tu, nayo ni Kidongo Chekundu, mjini Unguja. Mpemba ashikwaye na wazimu mkali, jamaa zake wakitaka alazwe huko, sharti avuke bahari.

Historia ya maradhi ya akili katika Pemba imefungamana na bahari hiyo. Imefungamana pia na jambo la pili, ambalo halikutazamwa sana: magonjwa makubwa ya kuenea, yajayo kwa vipindi na kuwatenga watu wao kwa wao. Ugonjwa wa kuenea hushika mwili, na wazimu hushika akili. Kwa hiyo watawala wa kila zama wameyaweka maradhi haya katika vitabu mbalimbali, wakayapa fedha mbalimbali na watumishi mbalimbali. Mambo yaliyotukia katika visiwa hivi na katika pwani yake yaonyesha kwamba mpaka huo umechorwa na kalamu, wala haumo katika maisha ya watu.

Kabla ya kuja daktari wa Kizungu, Wapemba walikuwa na elimu yao ya kuugua na kuuguza. Lugha yenyewe ni ushahidi. Walimtofautisha mwendawazimu na punguani, na mtu mwenye kifafa na mtu aliyepandwa na pepo. Kila hali ilikuwa na mtu wake wa kuendewa. Mwalimu wa chuo aliandika aya za Kurani kwa zafarani katika sahani, akaziosha kwa maji, na mgonjwa akanywa kombe. Mganga wa pepo aliitisha ngoma, na wanawake wa mtaa wakaimba usiku hata pepo akasema jina lake na haja yake. Sifa ya uganga wa Pemba ilienea mbali. Hata mwandishi wa Kiingereza Evelyn Waugh, katika kitabu chake cha safari kilichotolewa mwaka 1931, hakukosa kuitaja.

Si lazima mtu aamini nguvu za kombe au za ngoma ili aone jambo moja katika matibabu hayo. Yote yalikuwa ya mkusanyiko. Mgonjwa hakuachwa peke yake na mganga. Alizungukwa na mama, shangazi, mjomba, jirani na waimbaji. Walikula pamoja, walikesha pamoja, na gharama waligawana. Ugonjwa wa mmoja ulifanywa kuwa shughuli ya wengi, na huenda sehemu kubwa ya nafuu ilitoka hapo.

Hata hivyo haifai kuipamba zama ile kupita kiasi. Katika pwani yote mgonjwa mkali alifungwa kwa kamba au kwa mnyororo, wakati mwingine kwa miaka. Aibu iliifunika nyumba yake, na ndugu zake wa kike waliweza kukosa waume. Tena matunzo ya jamaa hayamfikii asiye na jamaa. Jambo hili lilikuwa zito katika Pemba kuliko mahali pengi. Mwezi Aprili 1872 dhoruba kuu iliangusha mikarafuu ya Unguja, na kwa kuwa Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, uzito wa kilimo hicho ukahamia huko. Kazi ya shamba ilifanywa na watumwa waliotekwa bara, watu waliokatwa na mama zao, lugha zao na makaburi ya wazee wao. Utumwa ulinyimwa nguvu ya sheria katika Zanzibar mwaka 1897. Mtumwa aliyerukwa na akili kabla ya siku hiyo alikuwa na nani wa kumwitia ngoma? Huyu ndiye mtu wa kwanza aliyeanguka katika ufa wa matunzo ya kale.

Karne hiyo hiyo ilikuwa karne ya kipindupindu. Daktari James Christie, Mskoti aliyefanya kazi Unguja, aliandika habari za ugonjwa huo katika kitabu kilichotolewa mwaka 1876. Alihesabu mara nne ulizofika pwani ya Afrika ya Mashariki: 1821, 1836, 1858 na 1869. Mara ya nne haukuja kwa jahazi kama wengi walivyotazamia, bali ulishuka na misafara kutoka bara, ukapita nchi ya Wamasai, ukafika Pangani, kisha Unguja. Waliokufa wengi walikuwa watumwa na maskini. Ndui nayo ilikuwa ikirudi mara kwa mara.

Miji ya pwani ilipopatwa na misiba ya namna hiyo ilikuwa na desturi ya kuzungusha ng'ombe. Watu waliuzunguka mji pamoja naye wakisoma dua, kisha akachinjwa na nyama ikagawanywa. Daktari wa leo atasema kwamba mkusanyiko wa namna ile waweza kueneza ugonjwa, na neno lake ni kweli. Lakini desturi ile ilikuwa ikifanya kazi nyingine: iliwapa watu wenye hofu jambo la kufanya, tena kwa pamoja, na mwenye huzuni hakubaki akiitazama huzuni yake ndani ya chumba. Hapa ndipo penye fumbo kubwa. Kinachoutibu moyo huweza kuudhuru mwili, na kinachoulinda mwili huweza kuuvunja moyo.

Serikali za kikoloni zilitatua fumbo hili kwa kujenga kuta. Katika Usambara, wamisioni wa Kijerumani walifungua makao ya Lutindi mwaka 1896 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na mwanzoni mwa karne ya ishirini makao hayo yakawa nyumba ya wagonjwa wa akili. Nairobi, mahali palipokuwa pakitengwa wagonjwa wa ndui paligeuzwa mwaka 1910 kuwa nyumba ya wendawazimu, ambayo baadaye ikaitwa Mathari. Katika Tanganyika, hospitali ya Mirembe ilifunguliwa Dodoma mwaka 1927. Na karibu na mji wa Unguja, kisiwa kidogo cha Changuu kilijengewa gereza katika miaka ya 1890, lakini badala ya wafungwa kikawekwa abiria wa melini walioshukiwa kuwa na homa ya manjano. Yafaa mpangilio huu utazamwe vizuri. Mtumwa aliyeachwa huru, mgonjwa wa ndui, mfungwa, abiria wa karantini na mwendawazimu walipokezana majengo yale yale, kana kwamba mbele ya serikali walikuwa mtu mmoja: yule ambaye haifai akae na wenziwe.

Pemba haikupata hata ukuta. Kisiwa kilikuwa na thamani kwa karafuu zake, na huduma zake zilipimwa kwa mizani hiyo. Mgonjwa aliyehesabiwa kuwa hatari alisafirishwa Unguja. Asiyehesabiwa hatari aliachiwa nyumba yake. Yawezekana kwamba kukosa ukuta kuliwaokoa wengi na maisha ya kufungiwa. Lakini kulianzisha pia mazoea ambayo hayakwisha na ukoloni: kwamba mgonjwa wa akili wa Pemba ni jambo la jamaa zake mpaka atakapoleta fujo, na akileta fujo ni jambo la Unguja.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali ya Zanzibar ilitangaza matibabu ya bure, na nyumba za tiba zikaongezeka vijijini. Katika miaka iliyofuata ulimwengu nao ukabadili fikira. Mwaka 1975 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti ya wataalamu iliyozishauri nchi zisizo na mali nyingi zisijenge hospitali kubwa za wazimu, bali ziingize matunzo ya akili katika vituo vya kawaida, ambako muuguzi wa kijiji afundishwe kutambua wazimu, kifafa na huzuni nzito. Mkutano wa Alma-Ata wa 1978 ukalipa wazo hilo nguvu. Tanzania Bara ikalijaribu katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro. Zanzibar, ambayo afya yake si jambo la Muungano, ilikuwa na njia yake yenyewe. Mwaka 1997 Wizara ya Afya ya Zanzibar iliomba msaada wa Shirika la Afya Duniani. Kazi ya miaka mingi ikafuata: ikatungwa sera, ikaandikwa sheria, wakawekwa waratibu, wakafunzwa watumishi wa vituo vidogo, na mlango ukafunguliwa wa kuzungumza na waganga wa jadi. Habari za kazi hiyo zilichapishwa mwaka 2011, na kwa nchi maskini ulikuwa mfano wa kuheshimiwa.

Hata hivyo, sera ni ahadi, na ahadi hupimwa siku ya shida. Siku moja ya namna hiyo ilikuwa imekwisha kupita, na haikuwa ya ugonjwa wa mwili. Mapema mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, Pemba ilishikwa na hofu ya Popobawa, jini asemwaye kuwavamia watu usiku. Hofu hiyo ilivuka ikafika Unguja, kisha miji ya pwani ya Bara. Ilienea kama homa: kijiji kwa kijiji, kwa njia zile zile za vyombo na ndugu. Watu waliacha vyumba vyao wakalala nje makundi makundi, wakikoka moto na kukesha. Msomi Martin Walsh, aliyeandika kisa hicho, ameonyesha jinsi kilivyochanganyika na wasiwasi wa siasa za wakati ule.

Mambo mawili ya mwaka ule hayafai kusahauliwa. La kwanza, watu waliipoza hofu kwa kukusanyika, kama babu zao. La pili ni la kuhuzunisha. Mjini Unguja umati wenye hofu ulimwua mtu mmoja kwa kumdhani kuwa ndiye Popobawa, kumbe alikuwa mgonjwa wa akili aliyefika kutafuta matibabu. Hofu ya wote ilipotafuta mwili wa kuukalia, ilimchagua aliye dhaifu kuliko wote. Kisa hiki peke yake chatosha kuonyesha kwamba hali ya akili ya umma na usalama wa mgonjwa mmoja si mambo mawili.

Mwezi Machi 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulithibitishwa Tanzania Bara, na siku chache baadaye Zanzibar. Shule zilifungwa, mikusanyiko ikapunguzwa, ndege za watalii zikakoma. Vijana wengi wa Pemba hupata riziki zao Unguja, katika mahoteli na katika biashara zitegemeazo wageni, na mapato hayo yakakatika kwa mara moja. Kwa upande wa matunzo ya akili, amri za kujitenga zilikuwa na maana ambayo hazikuwa nayo katika nchi zenye hospitali nyingi. Nchini Uingereza mtu aliyekatazwa kukutana na wenziwe alikatazwa tafrija na ziara. Pemba mtu huyo huyo alikatazwa tiba, kwa kuwa baraza, hitima, ngoma na matanga ndiyo yaliyokuwa tiba ya walio wengi. Mfiwa ambaye hakuzungukwa na watu siku za matanga alikosa jambo ambalo hakuna kituo kilichokuwa tayari kumpa badala yake.

Juu ya hayo palikuwa na kimya. Kuanzia mwishoni mwa Aprili 2020 Serikali ya Muungano iliacha kutangaza hesabu za wagonjwa, na mwanzoni mwa Mei hesabu za Zanzibar nazo zikakoma. Kwa zaidi ya mwaka mmoja watu walifiwa bila ya kuambiwa waziwazi kilichowaua wapenzi wao. Mgonjwa wa akili anakijua kimya cha namna hii, maana jina la ugonjwa wake halikutajwa barazani tangu zamani. Sasa nyumba nzima zikaonja yaliyokuwa yakimkuta yeye: kuugua neno lisilosemwa.

Kimya hicho kilipata mpasuko mmoja mkubwa, nao ulitoka kwa mtoto wa Pemba. Siku ya mwisho ya Januari 2021 chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ameambukizwa UVIKO-19. Alifariki Dar es Salaam tarehe 17 Februari, na kesho yake akazikwa kwao Mtambwe. Yeyote apimaye siasa zake vyovyote apendavyo hawezi kukana thamani ya tangazo lile. Baadaye mwaka huo hali ya nchi ikabadilika: Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, hesabu zikaanza kutolewa tena, na tarehe 28 Julai akachanjwa hadharani.

Kusahauliwa kwa wagonjwa wa akili wakati wa janga hakukuwa aibu ya visiwa peke yake. Mwezi Oktoba 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza uchunguzi wa nchi 130, na ukaonyesha kwamba katika asilimia 93 ya nchi hizo huduma muhimu za afya ya akili zilikuwa zimekatizwa au zimesimama. Kabla ya janga, nchi kwa kawaida zilikuwa zikitoa chini ya asilimia 2 ya bajeti zao za afya kwa maradhi ya akili. Mwezi Machi 2022 shirika hilo hilo likasema kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga wasiwasi na huzuni nzito viliongezeka duniani kwa asilimia 25. Haja ilipanda wakati huduma iliposhuka.

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo ni hoja ya watu wenye huruma, si ya wapumbavu. Yasemwa kwamba nchi maskini, ikipatwa na janga, sharti iokoe kwanza pumzi za watu, akili zitafuata. Muuguzi ni mmoja, fedha ni chache, na mgonjwa aliyekosa hewa hangoji. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama matunzo ya akili yangekuwa kitu cha anasa kinachoweza kuwekwa kando na kurudiwa. Lakini sivyo yalivyo. Mwenye kifafa aishiye kwa vidonge vya fenobabitoni, dawa ya bei ndogo, akivikosa ghafla aweza kupatwa na degedege lisilokoma na likamwua. Mwenye wazimu aliyetulia kwa sindano ya kila mwezi, akiikosa kwa muda, huweza kurudi katika hali ile iliyomfanya afungwe mnyororo. Dawa hizi huja kisiwani kwa chombo. Chombo kikichelewa, au muuguzi aliyezoea kuzigawa akihamishiwa kazi ya janga, gharama ya miaka mingi hupotea katika majuma machache. Wala ugonjwa wenyewe wa kuenea hauzuiliki bila ya akili iliyotulia, kwa sababu mtu mwenye hofu huficha homa yake, hukimbia kituo, na huamini uvumi kabla ya ushauri.

Kwamba jambo hili lawezekana hata katika umaskini na vita kumeonyeshwa na watu wengine wasemao Kiswahili. Katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, mashariki ya Kongo, ugonjwa wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuwaua watu zaidi ya 2,200. Huko watumishi wa faraja na ushauri walifanywa kuwa sehemu ya kazi ya janga tangu mwanzo. Mjini Beni na Butembo watu waliopona Ebola, ambao walikuwa na kinga mwilini, waliwalea watoto wachanga waliotengwa na mama zao wagonjwa. Waliopona walipata kazi na heshima mahali pa kunyanyapaliwa, na mtoto akapata mkono wa kumbeba. Fumbo la zamani, la moyo kuhitaji watu na mwili kuhitaji kutengwa, lilipata jibu bila ya ukuta: wakatafutwa wale ambao kukaribia kwao hakukuwa na hatari.

Pemba haihitaji kuiga Beni neno kwa neno, kwa kuwa inayo mali yake. Ina walimu wa vyuo na masheha wanaojua kila nyumba ina nani. Ina waganga ambao jamaa huwaendea kabla ya daktari. Ina wanawake waliozoea kukesha na mgonjwa. Watu hawa ni wengi kuliko wauguzi watakaoweza kuajiriwa kwa miaka mingi ijayo. Sera iliyotungwa baada ya ombi la 1997 iliwatambua, lakini kuwatambua wakati wa amani hakutoshi. Janga lijapo sharti pawe pamekwisha kuandikwa nani atakayebakia na wagonjwa wa akili hata wenziwe wakihamishwa, akiba ya dawa za miezi mingapi ikae Chake Chake badala ya kungojewa kutoka Unguja, matanga yafanywe vipi ili mfiwa asiachwe peke yake, na nani atakayesema kweli mapema ili uvumi usitangulie. Haya si mambo ya fedha nyingi. Ni mambo ya kuamuliwa kabla ya siku yake.

Magonjwa ya kuenea yatarudi, maana hakuna karne iliyoyakosa katika pwani hii: kipindupindu cha 1821 kilifuatwa na vingine, na UVIKO-19 hautakuwa wa mwisho. Kila mara yalipokuja yaliwakuta wagonjwa wa akili wamekwisha kutengwa, wakiwa watumwa wasio na jamaa, wageni wasiojulikana mjini, au watu wa ng'ambo ya bahari. Siku ambayo kituo cha kijiji kule Micheweni kitaweza kumpa mgonjwa wake dawa na mtu wa kuzungumza naye, hali homa imeufunga mji, ndipo itakaposemwa kwa haki kwamba sera iliyoandikwa Unguja imevuka mkono ule wa bahari.